Kituo kwa Kituo

Mwalimu aliingia amebeba kompyuta yake ndani ya kikwembe, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akaiweka juu ya meza na kusema, "Mama, sauti haiko."

Fundi hakuigusa. Alisogeza kikombe cha chai, akamvutia mgeni kiti cha plastiki, akangoja aketi.

"Ilipotea lini, Papa Mwalimu?"

"Juzi."

"Na kabla ya juzi ilikuwa inafanya kazi gani?"

"Hapana kazi. Ilikuwa nyumbani tu."

"Nani mwingine aliigusa?"

Mwalimu akanyamaza, akavua kofia, akaivaa tena. Ni mzee anayewafundisha watoto Kurani huku Kasuku, na kompyuta ile ndiyo inayowasomea wanafunzi wake sura, kwa sauti za wasomaji wakubwa, siku ambazo kifua chake kimekataa. "Watoto," alisema mwisho. "Waliiunga na televisheni, waangalie mpira."

"Aksanti," alisema fundi, na hapo ndipo alipofungua kikwembe.

Msomaji wa pwani atatabasamu kusikia kwamba sauti imepotea Kasuku. Hapa Kindu, mji wa Maniema mashariki mwa Kongo, Kasuku si ndege. Ni komini, moja kati ya tatu za mji: Kasuku na Mikelenge upande huu wa mto Lualaba, Alunguli ng'ambo. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la duka lile kwa sababu jirani yake ana sekretariati, yaani kibanda cha kuchapa barua na kutoa nakala, na nakala zangu zilikuwa zinangoja mafuta ya jenereta. Fundi mwenyewe hangoji mafuta. Ana paneli mbili za jua juu ya bati, betri ya gari chini ya meza, na inveta inayokoroma kama paka aliyeshiba. Nilikuja kwa nusu saa, nikakaa mpaka adhuhuri.

Sikukaa kwa udadisi mtupu. Miaka michache nyuma, katika mji mwingine, mimi pia nilipotelewa na sauti. Fundi niliyempelekea mashine hakuniuliza swali hata moja. Alisema "tutaformati", akachukua siku mbili, akanirudishia kompyuta inayoimba vizuri kabisa na isiyo na picha hata moja ya marehemu baba yangu. Na pesa nililipa. Tangu hapo neno "formati" likitajwa mbele yangu, huona mtu anachoma nyumba kwa sababu ya kunguni. Kwa hiyo nilipomwona mwanamke huyu anauliza maswali matatu kabla ya kugusa kitu, nilisogeza benchi karibu.

Ubovu wa sauti una ubaya wake wa pekee. Kioo kikivunjika unakiona. Kitufe kikikwama, kidole kinakuambia. Sauti ikipotea hakuna kilichobadilika mbele ya macho: msomaji anaendelea kusoma kwenye kioo, sekunde zinahesabika, alama ya spika iko juu kabisa, na chumba kimya. Mashine haikiri kosa lolote. Na kimya cha waya uliokatika ni kilekile cha kitufe kilichobonyezwa na mtoto, huwezi kuvitofautisha kwa sikio hata uwe na sikio la mpiga udi.

Kitu cha kwanza alichokitazama fundi kilikuwa orodha ya njia za kutolea sauti. Mashine ile inaendeshwa na Linux Mint, mmoja wa mifumo ya Linux inayogawiwa bure na ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua ndani na kuisoma. Kama nyingine nyingi za huku, ilikuwa imewekwa kwa Kifaransa. Mahali palipostahili jina la kadi ya sauti paliandikwa maneno mawili: *Sortie factice*. Mwalimu, ambaye Kiarabu chake ni kizuri kuliko Kifaransa chake, akataka kujua maana.

"Ni njia ya bandia," alisema fundi. "Chukua hivi, Papa. Unapeleka mzigo stesheni. Unamkuta mtu amevaa kofia ya stesheni, anaupokea, anapiga muhuri, anakushukuru. Lakini nyuma yake treni haiko."

Hakutia chumvi. Programu inayosimamia sauti isipopata kadi hata moja ya kuipelekea, hujitengenezea kadi ya uongo ili programu nyingine zisikwame. Sauti hupelekwa huko kwa utaratibu wote, sampuli kwa sampuli, kisha hutupwa.

Mfano wa stesheni hauhitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Kindu. Mji huu umekua pale ambapo mzigo ulilazimika kubadilisha chombo. Mto ni mkubwa lakini haupitiki wote. Meli hupanda kutoka Kinshasa hadi Kisangani, kilomita 1,700 na zaidi, kisha maporomoko yanaizuia. Hapo mzigo ulipandishwa treni hadi Ubundu, kilomita 125, reli iliyofunguliwa mwaka 1906. Ubundu ukashushwa, ukatiwa tena melini, ukaletwa Kindu kwa maji. Kindu ukashushwa mara nyingine, ukapandishwa treni ya Kongolo, kilomita 355, reli iliyokamilika mwaka 1910, kwa sababu huko juu mto una miamba na genge ambalo Wazungu waliliita Milango ya Jehanamu. Babu zetu walibeba robota zilezile mabegani mara tatu, mara nne, kabla hazijafika zilikokwenda. Waulize wazee waliofanya kazi ya karani au ya kuli: robota haikupotea melini wala haikupotea ndani ya behewa. Ilipotea gatini, kati ya mkono uliotoa na mkono uliopokea.

Sauti ndani ya kompyuta husafiri vivyo hivyo, na fundi ana majina yake ya vituo. Programu inayofungua faili anaiita *msomaji*. Msomaji hukabidhi mzigo kwa *karani*, yaani ile programu ya kusimamia sauti, inayopokea kutoka kwa wote na kuamua nani atoke kupitia wapi. Karani wa zamani ni PulseAudio, aliyoianza Lennart Poettering mwaka 2004. Wa sasa, katika mifumo mingi, ni PipeWire ya Wim Taymans. Karani hupeleka mzigo kwenye *lango*, ambalo ni ALSA, kazi aliyoianza Jaroslav Kysela mwaka 1998 na iliyoingizwa katika kiini cha Linux kufikia toleo la 2.6, mwishoni mwa 2003. Lango huukabidhi kwa *mkalimani*, kile kijisahani cheusi chenye miguu mingi kwenye ubao wa mashine, ambacho hupokea tarakimu na kuzigeuza umeme unaotikisika. Mwisho kuna *koo*: kikuza sauti, nyaya mbili nyembamba, na utando wa spika usiozidi ukubwa wa sarafu.

Nilipomuuliza alikoyapata maneno hayo, alicheka. Wateja wake wengi hawajui Kiingereza, na Kifaransa cha vitabu vya kompyuta hakimsaidii mama anayeuza mchele. Nikakumbuka kwamba mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watu wa mradi wa Kilinux walikaa na kutafuta neno la Kiswahili kwa kila kitufe cha OpenOffice, wakaitoa kwa jina la Jambo OpenOffice. Huyu wa Kasuku anaifanya kazi hiyohiyo peke yake, kwa zile sehemu za mashine ambazo mtumiaji haoneshwi, naye haoni kama ni jambo la kusimulia.

Sasa mtu angedhani ataanza kituo cha kwanza na kwenda mbele. Alianzia katikati. Alifungua lile dirisha jeusi la amri, akaandika `aplay -l`, ambayo hulitaka lango litaje kadi zote linazozijua. Likajibu kwa mistari michache: kadi ya 0, ile inayopeleka sauti kwenye televisheni kwa waya wa HDMI, na kadi ya 1, ya spika zenyewe.

"Ona," aliniambia, kwa kuwa alishajua nasikiliza. "Lango linamjua mkalimani. Karani ndiye hamjui."

Kwa swali moja nusu ya njia ilikuwa imetolewa mashakani. Draiva ipo, kijisahani cheusi kimeamka, kiini cha mfumo kinakiona. Angeanza mwanzo angepita kwa msomaji, kwa faili, kwa vitufe vya sauti, na kupoteza nusu saa kwa watu wasio na hatia. Akarudi hatua moja, kwa karani, akafungua ukurasa wa kadi, na jambo likawa wazi. Watoto wa mpira, katika kuhangaika kuilazimisha sauti iende televisheni, walikuwa wameizima kabisa kadi ya spika. Televisheni ikapata sauti, timu ikafungwa au ikashinda, waya wa HDMI ukachomolewa. Kadi ya televisheni ikabaki haina pa kwenda, kadi ya spika imezimwa na mkono wa mtu, na karani, asiye na kadi hata moja, akatengeneza ya bandia.

Fundi akairudisha. *Sortie factice* ikafutika, jina la kadi halisi likakaa mahali pake.

"Alhamdulillahi," alisema Mwalimu, akanyoosha kidole mwenyewe, akabonyeza sura.

Kimya.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ndipo nilipomjua fundi. Mimi, na wewe pengine, na yule aliyenichomea picha, tungefanya kitu kimoja: tungesema hilo halikuwa tatizo, tungeirudisha kadi ilivyokuwa au kuibadilisha kuwa kitu cha tatu, tungejaribu jingine, na jingine juu yake. Baada ya robo saa hakuna anayekumbuka nini kimeguswa. Tiba iliyokuwa sahihi inakuwa imeshatupwa pamoja na zile za kubahatisha, kwa kosa la kutoleta sauti palepale. Ubovu ukiwa mmoja, kubahatisha husamehewa. Ukiwapo na wa pili nyuma yake, kila tiba ya kweli huonekana ya uongo mpaka ya mwisho ifike.

Yeye hakurudisha kitu. Wala hakusema "nina hakika". Aliacha sura iendelee kusomwa kimya, akaandika amri ya kufungua faili moja ndogo, `/proc/asound/card1/pcm0p/sub0/status`. Sijawahi kuona mtu anafungua faili ile kwa makusudi. Si faili kwa maana ya kawaida, haikai kwenye diski. Kila unapoiomba, kiini cha mfumo huandika wakati huohuo hali ya lango ilivyo. Juu kabisa palikuwa na neno `RUNNING`, lango liko kazini. Chini zaidi palikuwa na `hw_ptr`, na mbele yake namba ndefu.

Namba hiyo ni hesabu ya mzigo uliokwisha kutoka langoni kwenda kwa mkalimani. Alikuwa ameshasoma katika faili ya jirani kwamba kadi inapokea sampuli 48,000 kila sekunde. Akainakili namba kwenye daftari kwa kalamu, akatazama saa ya mkononi, akangoja sekunde kumi bila kusema neno, akaomba faili tena, akainakili namba ya pili chini ya ile ya kwanza, akatoa kwa mkono kama mtoto wa shule. Tofauti ilikuwa 480,000 na vijisehemu, vya ule muda wa kidole kufika kwenye kitufe.

"Behewa zinaondoka," alisema. "Tena kwa wakati. Huku nyuma tusirudi tena."

Nimekwisha kuona mafundi wenye mikono myepesi, wa saa, wa redio, wa mashine za kusaga. Sijui kama nimeona kitu cha kunipendeza kama kutoa kule kwa mkono. Chumba bado kimya, mteja ameinama, jirani kasimama mlangoni anatoa ushauri, na mtu mmoja mezani anajua kwa hakika kwamba sehemu kubwa ya njia imeshapona. Hakusikia chochote ambacho sisi hatukusikia. Alijua mahali pa kuuliza.

Lazima niseme pia, kwa haki, kwamba Linux haina sifa nzuri katika jambo la sauti. Kwa miaka mingi ilikuwa kichekesho: karani juu ya karani, kila mfumo na wake, programu mbili haziwezi kuimba pamoja. Waliohama kwa hasira hawakukosea. Ila ubovu wake una fadhila moja, kwamba milango ya vituo vyote iko wazi. Hakuna stesheni iliyoandikwa "wafanyakazi tu". Na kwa mtu wa Kindu, ambako vifurushi vya intaneti hununuliwa kwa kuhesabu, kuna fadhila ya pili: vitabu vya maelezo vimo ndani ya mashine yenyewe. Unaandika `man` na jina la amri, ukurasa unafunguka, intaneti iwepo isiwepo. Hivyo ndivyo alivyojifunza, aliniambia, usiku, kwa Kiingereza cha kuokoteza, na kamusi ya mwanawe wa sekondari.

Yule jirani wa mlangoni, kijana wa sekretariati, alikuwa ameingia sasa na kusimama nyuma ya kiti. Fundi alifungua `alsamixer`, inayochora nguzo za sauti kama mabua yamepangwa: Master, Headphone, Speaker na nyingine. Kila nguzo ina kisanduku kidogo miguuni. Kikisomeka `00`, njia iko wazi. Kikisomeka `MM`, imezibwa. Nguzo ya Headphone ilikuwa `00`. Ya Speaker ilikuwa `MM`.

"Hiyo hapo!" alisema kijana. "Bonyeza M tu, Mama, itafunguka."

Ni kweli, kitufe cha M ndicho kinachofungua. Mkono wa fundi ulibaki mapajani.

"Nani ameifunga?" aliuliza.

"Watoto."

"Watoto wamefunga kadi. Hawa hawaijui alsamixer. Nani amefunga spika na kuacha hedifoni wazi?"

Kijana hakuwa na jibu, mimi sikuwa nalo, na Mwalimu aliona afadhali aangalie nje, ambako vijana wa mizigo walikuwa wanasukuma baiskeli zao zilizojaa magunia. Fundi alikuwa anauliza kwa dhati. Kituo kilichofungwa kina aliyekifunga, na ukikifungua kabla ya kumjua, yeye atakifunga tena ukigeuka. Akarudi kwenye orodha ya njia za kutolea sauti, akatuonesha kwa ncha ya kalamu: mashine ilikuwa inasema hedifoni imechomekwa. Hakuna hedifoni yoyote iliyochomekwa. Tundu lilikuwa tupu, sote tulikuwa tunalitazama.

Tundu la hedifoni, kwa asiyelijua, ni zaidi ya tundu. Ndani yake kuna kijibati cha kuhisi. Pini ikiingia hukisukuma, mkalimani hupata habari, na spika hunyamazishwa ili abiria wenzako wasisumbuliwe na muziki wako. Ni adabu iliyofundishwa chuma. Kijibati kikikwama kwa vumbi, kwa kutu ya unyevu wa mto huu, au kwa kitu kingine, mashine itaendelea kuwa na adabu kwa hedifoni ambayo haipo mpaka siku ya mwisho.

Alizima kompyuta, akatoa betri, akawasha tochi ya simu na kuinamia tundu. Akanipa nafasi. Ndani kabisa, kwenye giza, kitu kiling'aa rangi ya dhahabu.

"Papa Mwalimu," alisema taratibu, "hedifoni za watoto ziko wapi?"

Ziliharibika, alisema Mwalimu. Mmoja alizikanyaga zikiwa zimechomekwa. Walizitupa. Hakuona kama jambo hilo lilihusika, kwani sauti ilikuwa imepotea tayari. Akasita, akahesabu kwa vidole: mpira ulikuwa usiku, hedifoni zilivunjika siku ileile asubuhi, na katikati hakuna aliyejaribu spika. Ubovu wa pili kwa hesabu yetu ulikuwa wa kwanza kwa kalenda. Fundi aliandika hilo pia.

Ncha ya pini iliyokatikia ndani haitoki kwa kutikisa wala kwa sindano. Imeshikwa na kijibati chenye nguvu ya springi, na sindano huisukuma ndani zaidi, na ikiteleza hukata kijibati chenyewe, hapo ni kubadilisha tundu zima. Kutoka kwenye kopo la kalamu alitoa Bic iliyokwisha, akang'oa utumbo wake, ule mrija wa wino, akaukata kwa wembe mahali pasipo na wino ili mdomo uwe sawa. Akaupasha kidogo kwa kiberiti cha gesi, si kuuyeyusha, ni kuulegeza tu, akauangalia kwenye mwanga, akaupasha tena. Tone la gundi kali alilitia kwanza kwenye kipande cha karatasi, kisha akagusisha mdomo wa mrija pale, akafuta kingo zote kwa ukucha hadi ibaki gundi ya ndani peke yake. Tone likimwagika kwenye kuta za tundu, kazi imekuwa mbaya kuliko ilivyokuja. Aliuingiza mrija wima, polepole, mpaka ulipogota. Akasukuma kidogo. Akauachia. Akaweka kompyuta ubavuni, tundu likitazama juu, akaniambia tusubiri, na mtu yeyote asiitikise meza.

Tulisubiri dakika ishirini. Nikaomba ruhusa ya kusoma daftari.

Ni daftari la shule la miraba midogo, na kila ugonjwa una ukurasa wake: aina ya mashine, kituo ambapo sauti ilikwama, na kitu kilichothibitisha. Hakuna "nilijaribu hiki na kile". Kompyuta mpya ambayo kadi yake haikuamka kwa sababu mfumo uliwekwa bila ile programu ndogo ya ndani ambayo kadi za siku hizi hulishwa kila zinapowashwa. Nyingine yenye Windows na Linux pamoja: ikitoka Windows na kuwashwa upya bila kuzimwa kabisa, mkalimani hubaki katika usingizi alioachwa nao, na dawa ni kukata umeme wote na kuhesabu hadi thelathini. Spika iliyotobolewa na mende. Mtu ambaye sauti ilitoka spika ya kushoto peke yake, na kumbe, fundi ameandika kwa wino mwekundu, *sikio lake la kulia*. Karibu na hilo ameandika jina la dawa ya nta ya masikio.

Gundi iliposhika, alikamata mrija kwa vidole viwili karibu kabisa na tundu. Hakuuvuta kwa nguvu. Aliuzungusha kwanza kidogo, kulia, kushoto, akausikiliza kwa vidole, ndipo akaurudisha nyuma kwa mwendo mmoja, na ukatoka na ncha mdomoni, ya dhahabu, ndogo kuliko punje ya mpunga. Katika nchi ya mpunga kama Maniema kila mtu mezani alitumia kipimo hichohicho kwa wakati mmoja.

Betri ikarudishwa, mashine ikawashwa. Alifungua `alsamixer` kabla ya kufungua sura yoyote. Nguzo ya Speaker ilikuwa `00`. Hakuna aliyeibonyeza. Aligeuka akamtazama kijana wa sekretariati, wala hakusema kitu, na kijana akasema, "Nimeona, Mama."

Kisha alimwachia Mwalimu abonyeze mwenyewe. Sauti ilitoka, nyembamba kama zitokavyo spika za kompyuta ndogo, ikajaza duka. Mwalimu alifunga macho. Midomo yake ikawa inaifuata.

Kwa fundi kazi haikuwa imekwisha. Aliomba samahani, akakatisha usomaji, akawasha mashine upya, akaisikiliza. Akaizima kabisa, akangoja, akaiwasha, akaisikiliza tena. Akachomeka hedifoni zake mwenyewe kuona kama spika zitanyamaza kama inavyopaswa, akazichomoa kuona kama zitarudi. Sauti inayodumu mpaka kesho asubuhi tu, alisema, humrudisha mteja na hasira.

Bei ilikuwa franka elfu kumi na tano. Mwalimu aliona ni nyingi kwa kipande kidogo vile, akaomba angalau apewe hicho kipande akawaoneshe watoto walichofanya. Fundi alipunguza elfu mbili, na kipande akakataa. Alikuwa ameshakibandika kwa utepe kwenye ukurasa wa siku hiyo, chini ya hesabu yake ya kutoa.

Mwalimu hakutaka kuifunga kompyuta tena. Aliibeba imefunguka, kwa mikono miwili kama sinia, kikwembe begani, sura inaendelea kusomwa, akashuka barazani na kuingia barabarani katikati ya baiskeli.

"Papa Mwalimu, betri!" fundi alimpigia kelele.

Hakusikia. Kwa jirani mafuta yalikuwa yamefika, na jenereta ilikuwa imewashwa.